Dadaab haikufunga kufuli la bweni
Na Zuhura Mwakio

Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Wazazi walikuwa bado wanapanga foleni katika chumba cha maiti cha Chiromo, Nairobi, kutambua watoto wao, wakati William Ruto, aliyekuwa Naibu Rais, alipoupa Umoja wa Mataifa miezi 3 uwaondoe wakimbizi wa kambi ya Dadaab, la sivyo serikali iwahamishe yenyewe. Mwaka uliofuata Idara ya Wakimbizi ikavunjwa na ikatangazwa kwamba kambi itafungwa.

Nauliza hadi leo: kambi iliingiaje katika kesi hii?

Mmoja wa wauaji waliotambuliwa na serikali alikuwa Mkenya, mwana wa chifu wa Kaunti ya Mandera, aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Baba yake alikuwa ameshapiga ripoti kwamba kijana ametoweka. Mtu ambaye serikali ilimtaja kuwa ndiye aliyepanga shambulio aliwahi kufundisha madrasa hapo hapo Garissa. Na mahakama ya Nairobi ilipowatia watu hatiani mwaka wa 2019, walikuwa 3: Wakenya wawili waliofungwa miaka 41 kila mmoja, na Mtanzania aliyepewa kifungo cha maisha.

Tahadhari zilikuwapo. Siku chache kabla ya shambulio, baadhi ya vyuo vilikuwa vimewaonya wanafunzi wao wakae chonjo. Pale Garissa, milio ya risasi ilianza alfajiri, wengine wakiwa kwenye maombi. Kikosi maalumu cha polisi kilikuwa Nairobi, kikasubiri usafiri, kikafika alasiri. Kilipoingia mabwenini, shughuli iliisha upesi. Saa zile za kungoja ndizo zilizowamaliza watoto wetu, na hakuna mkimbizi aliyepanga ratiba ya ndege ya polisi.

Sisemi mpaka wetu na Somalia hauna hatari. Una hatari, na serikali ina haki, tena ina wajibu, wa kujua nani anaingia na amebeba nini. Kambi kubwa kama Dadaab, iliyoanzishwa 1991 na kukaa miaka yote hii bila ajira, haikosi wahalifu na wasafirishaji wa magendo. Lakini waliojazana Ifo, Dagahaley na Hagadera, sehemu za kambi hiyo, wengi wao walikimbia vita Somalia, na baadaye wakalikimbia kundi lile lile la al-Shabaab lililotuua Garissa. Mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012 viongozi wa wakimbizi waliuawa humo humo kambini. Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu aliifuta amri ya kufunga kambi, akisema ni ya kibaguzi na inakwenda kinyume cha Katiba. Ukimkamata mtu kwa kosa alilofanya, hiyo ni sheria. Ukiwasukuma mamia ya maelfu warudi kwenye moto kwa kosa la mtoto wa chifu wa Kikenya, hapo haki imepotea, na shule haijawa salama hata kidogo.

Mwaka jana nilimsindikiza mpwa wangu kwenda shule ya bweni. Langoni, bawabu mwenye rungu aliandika jina langu na nambari ya kitambulisho kitabuni, akachungulia kila begi. Nikaridhika. Kisha tukaenda bwenini kupeleka godoro. Vitanda vya ghorofa vimebanana hadi mtoto anapita kwa ubavu. Madirisha yana vyuma. Mlango ni mmoja, unafungukia ndani, na kufuli linaning'inia kwa nje. Nikamuuliza matroni ufunguo hulala wapi.

"Kwangu, mama," akasema. Nyumba yake iko ng'ambo ya uwanja wa mpira.

Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 unakataza karibu yote niliyoyaona: unataka milango ifungukie nje, madirisha yasiwe na vyuma, nafasi kati ya vitanda isipungue mita 1.2. Tuliyajua hayo hata kabla ya mwongozo. Mwaka wa 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini katika shule ya Kyanguli, Machakos, mlango mmoja ukiwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Septemba 2024, wavulana 21 walikufa kwa moto katika shule ya Endarasha, Nyeri, katika bweni lililolaza zaidi ya watoto 150. Wapi hapo Msomali? Wapi mkimbizi? Hasira tuliyoipeleka Dadaab ingetumika kuvunja vyuma vya madirisha, pengine Endarasha tusingelia.

Na hasira ile ina watoto wengine iliowasahau. Novemba 2014 basi lilitekwa Mandera na abiria 28 wakauawa, wakiwemo walimu waliokuwa wakielekea makwao likizoni. Walimu wenzao walikataa kurudi huko, na siwalaumu. Hakuna mshahara unaolipa roho. Januari 2020 walimu 3 waliuawa Kamuthe, Garissa, na TSC, tume inayoajiri walimu, ikawahamisha wengi. Madarasa yakabaki na watoto bila mwalimu, watoto Wakenya, ambao baba zao walipotaka vitambulisho walikuwa wakipigwa msasa kama wageni hadi serikali ilipotangaza mwaka wa 2025 kwamba utaratibu huo umekoma. Asiyekuwapo na lake halipo. Katika mjadala wetu wa usalama wa shule, mtoto wa kaskazini hayupo kabisa, anatajwa tu tunapotafuta mshukiwa.

Mwaka huo huo wa 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, wa kugeuza kambi ziwe makazi ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia shule na hospitali pamoja. Nauunga mkono, kwa sharti kwamba shule hizo ziwe na walimu wanaolindwa na mabweni yaliyokaguliwa. Baada ya Endarasha, wizara ilifunga mabweni ya mamia ya shule za msingi yaliyokuwa hatari. Ilifanya vizuri. Sasa ripoti ya ukaguzi wa kila shule ya bweni, kuanzia Hagadera hadi Nyeri, ibandikwe langoni kando ya kitabu cha wageni, mzazi aisome kabla ya kushusha sanduku la mtoto.