Unajiita Msparta? Piga Hesabu Kwanza Ungekuwa Upande Gani



Leo sina umbea. Najua mmezoea mkifungua hapa mnakutana na nani kaachana na nani, na nani kanunuliwa gari na "mjomba". Hayo yapo, yatakuja kesho, msijali. Leo nina jambo linanikera tangu Jumamosi usiku na nisipolitoa sitalala vizuri.

Jumamosi nilikuwa na bando la usiku. Nikaingia YouTube kutafuta kitu cha kunipa usingizi, nikakutana na dokumentari ya Wasparta, ile ya mwanahistoria wa Uingereza anaitwa Bettany Hughes, ya mwaka 2003, ina sehemu tatu. Nikasema ngoja nicheki dakika kumi. Aisee, nikamaliza zote tatu, kisha nikaanza kusoma huku na kule. Nimelala saa kumi na moja alfajiri na roho imenisinyaa.

Kwa nini imenisinyaa? Kwa sababu mimi mwenyewe ni shabiki. Muvi ya 300 nimeiangalia mara zaidi ya kumi, ya kwanza kwenye banda la video mtaani kwetu, DJ anatafsiri kwa mbwembwe, sisi watoto tumekaa chini tunapiga kelele. Picha yangu ya WhatsApp kwa miaka mitatu ni ile kofia ya vita ya Kisparta. Na siko peke yangu. Kuna msanii mmoja, jina kapuni, kaichora kabisa begani, na kila akitoka jimu anaposti kifua anaandika "roho ya Kisparta". Tisheti zake mnazijua.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita mdogo wangu, yuko kidato cha pili, alirudi shule anacheka. Kuna mwenzao kachapwa viboko mbele ya darasa akalia. Dogo akaniambia, "Bro, yule angekuwa Sparta wangeshamtupa mlimani tangu akiwa kichanga." Tukacheka wote. Mimi ndo niliyemfundisha hiyo stori.

Tuanze na hiyo hiyo ya kutupa watoto. Inatoka kwa mwandishi anaitwa Plutarch, ambaye aliishi zaidi ya miaka 400 baada ya Sparta kupoteza nguvu zake. Yaani hakuona kwa macho. Wanaakiolojia waliochunguza korongo moja ambalo watu wanalihusisha na stori hiyo walikuta mifupa ya vijana na watu wazima, sio ya vichanga. Na kikubwa zaidi, mmoja wa wafalme maarufu kabisa wa Sparta, Agesilaus, mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, alikuwa anachechemea. Huyo ndo waliyempa kiti cha ufalme. Kwa hiyo hata utani wetu tu ulikuwa una walakini.

Lakini hilo dogo. Nililoshindwa kulimeza ni jingine.

Muvi inatuonesha wanaume 300 wanapigania uhuru pale Thermopylae, mwaka 480 Kabla ya Kristo, dhidi ya jeshi la Xerxes mfalme wa Uajemi. Uhuru, uhuru, uhuru, kila dakika. Swali ambalo sikuwahi kujiuliza kwa miaka yote hii: hawa jamaa walikuwa wanakula nini? Mtu kachukuliwa kwao ana miaka saba, kaingizwa kambini, anafundishwa vita mpaka ana miaka ishirini, halafu anaendelea kuishi na wanajeshi wenzake mpaka thelathini. Halimi, hachungi, hafui chuma, hauzi kitu. Nani analima?

Waheloti ndo walikuwa wanalima.

Hao ni Wagiriki wenzao, wanaongea lugha hiyo hiyo, wanaabudu miungu ile ile. Wengi wao walikuwa watu wa Messenia, nchi ya upande wa pili wa mlima Taygetus, ardhi nzuri kweli kweli. Wasparta wakaivamia, wakaichukua, wakawageuza wenyeji kuwa watumwa wa kulima mashamba yao wenyewe. Tyrtaeus, mshairi wa Sparta mwenyewe, sio adui, aliandika kwamba watu hao walikuwa wanawapelekea mabwana zao nusu ya mavuno, wamelemewa kama punda wa mizigo. Nusu, wadau! Na hiyo haikuwa mwaka mmoja wa njaa. Ni vizazi na vizazi.

Sasa tupige hesabu. Mwaka 479 KK, mwaka mmoja tu baada ya Thermopylae, kulikuwa na vita ya Plataea. Herodotus anasema Wasparta walipeleka watu 5,000, na kila mmoja alikuwa na Waheloti saba. Waheloti 35,000. Soma tena taratibu. Mmoja kwa saba.

Mimi na wewe tunaopanda daladala tumesimama, tunaolipwa kwa siku, tukiangalia ile muvi kila mtu anajiweka kwenye nafasi ya yule mmoja. Hakuna anayejiweka kwenye wale saba. Lakini kwa hesabu hiyo, ukitupwa Sparta bila kuchagua, una nafasi kubwa zaidi ya kuwa mheloti mwenye jembe kuliko kuwa Leonidas mwenye mkuki.

Na hapo ndo nikaelewa ule ukali wote ulikuwa wa nini. Tunaambiwa Wasparta walikuwa wagumu kwa sababu hawaogopi kitu. Kumbe walikuwa wanaogopa kila siku! Walikuwa wanalala katikati ya watu waliowanyang'anya, watu wanaowazidi idadi mara nyingi. Kuna wakati, kwenye miaka ya 460 KK, tetemeko kubwa la ardhi lilipiga Sparta, na Waheloti wakatumia nafasi hiyo hiyo kuasi. Vita ikachukua miaka. Kambi ya kijeshi haikujengwa kwa ajili ya Waajemi tu. Ilijengwa kwa ajili ya mtu anayekulimia shamba.

Kila mwaka viongozi wao watano wakiingia madarakani walikuwa wanatangaza rasmi vita dhidi ya Waheloti. Vita dhidi ya wafanyakazi wao wenyewe, ili ukimuua mheloti isihesabike kuwa ni dhambi. Vijana waliofanya vizuri kwenye mafunzo walipewa kisu na chakula kidogo, wakatumwa vijijini, mchana wanajificha, usiku wanaua. Hiyo iliitwa krypteia. Dah. Yule kijana wa kwenye muvi anayepigana na mbwa mwitu kwenye theluji, kwenye historia alikuwa anavizia mkulima anayerudi nyumbani.

Na kuna hii, naomba uisome ukiwa umekaa. Thucydides anaeleza kwamba kuna siku Wasparta waliwatangazia Waheloti: wale mnaoamini mmetutumikia kwa ushujaa zaidi vitani, jitokezeni, tutawapa uhuru. Wakachaguliwa kama 2,000. Wakavishwa mashada kichwani, wakazungushwa kwenye mahekalu kama watu huru, wanafurahi. Muda sio mrefu wote wakatoweka, na hakuna aliyejua kila mmoja aliuliwaje. Ulikuwa ni mtego. Waliona mtu mwenye moyo wa kujitokeza wa kwanza ndo huyo huyo atakayeasi wa kwanza.

Watu 2,000, na hatuna jina la hata mmoja. Leonidas tunaye kwenye tisheti.

Najua mnaanza kunifokea, eti kwani hawakuwa na mazuri? Walikuwa nayo, sitaki kuwa mnafiki. Wanawake wao walifanya mazoezi hadharani, wakamiliki ardhi, na Aristotle anasema karibu sehemu mbili kati ya tano za nchi zilikuwa mikononi mwao. Binti wa mfalme, Cynisca, dada yake Agesilaus, farasi wake walishinda mbio za magari Olimpiki mara mbili, mwaka 396 na 392 KK. Wakati huo Athens mwanamke wa heshima alitakiwa akae ndani. Hilo nawapa heshima yao. Ila hata hapo, mwanamke wa Kisparta alikuwa na muda wa mazoezi kwa sababu kusuka vitambaa na kazi za nyumbani alifanya mtumwa.

Na ushujaa wa Thermopylae ni wa kweli, sibishi. Lakini siku ile ya mwisho hawakubaki 300 peke yao. Kulikuwa na watu 700 kutoka mji mdogo wa Thespiae, ambao hawakulelewa kambini tangu wana miaka saba. Walikuwa watu wa kawaida wa mji wao. Waliambiwa wanaweza kuondoka, wakakataa, wakafa pale pale. Ushawahi kuona tatuu ya mtu wa Thespiae? Mimi pia sijawahi. Kama unatafuta ushujaa wa mtu wa kawaida mwenye kazi na familia, huyo hapo.

Basi mwisho wao ukawaje? Hapa ndo wale wa "mwanaume lazima ateseke ndo awe imara" inabidi wasogee karibu. Mfumo wenyewe uliwamaliza. Ili uhesabiwe raia kamili ilibidi kila mwezi utoe mchango wa chakula kwenye meza ya pamoja. Ukishindwa kuchanga, unashushwa, uraia kamili umekwenda. Ardhi ikawa inakusanyika kwa wachache, maskini wanadondoka mmoja mmoja. Mwaka 480 KK Wasparta kamili walikuwa kama 8,000. Mwaka 371 KK, vitani Leuctra, walikuwepo 700 tu, na 400 kati yao wakauawa na Wathebe chini ya Epaminondas. Aristotle anasema mpaka walifika chini ya 1,000. Mji uliofundisha watoto wake kutolia uliishiwa watu.

Na hao wazalendo waliomkatalia Mwajemi pale Thermopylae? Miaka isiyozidi themanini baadaye walichukua pesa za Waajemi hao hao kujenga meli za kumpiga Mwathene mwenzao. Hiyo muvi haijatengenezwa bado.

Kitu kimoja kilinifariji. Baada ya Leuctra, Epaminondas aliingia mpaka nchi ya Wasparta, na watu wa Messenia wakapata uhuru wao baada ya miaka zaidi ya mia mbili na kitu. Wakajenga mji wao, Messene, wakauzungushia ukuta mkubwa wa mawe. Sehemu za ukuta huo zimesimama mpaka leo. Ule ndo ukuta wa watu waliopigania uhuru kweli.

Jumapili nikamwita dogo, tukaangalia tena pamoja. Alikuwa anachezea simu mpaka ilipofika kwa Waheloti, akaiweka chini. Mwisho akaniuliza, "Kwa hiyo bro, yule jamaa wa darasani aliyelia..." Hakumalizia. Nikamwambia na mimi nilichapwa sana shule, na usiku nilikuwa nalia chini ya shuka ili wenzangu wasisikie. Sijawahi kumwambia hilo kabla. Fimbo hazikunifanya shujaa, zilinifundisha kujificha tu. Na wale watoto wa Sparta ndo hivyo hivyo, walinyimwa chakula cha kutosha ili waibe, na wakikamatwa walichapwa kwa kosa la kukamatwa.

Picha ya WhatsApp nimeitoa. Tisheti nitaendelea kuivaa nikifua maana pesa yangu ilishatoka, haha. Mazoezi fanyeni, nidhamu ni nzuri, kuamka saa kumi na moja ni kuzuri. Ila mtu akikwambia uwe kama Msparta, muulize kwanza: na wale saba wako wapi?

Haya, uwanja ni wenu. Kama uliwahi kuambiwa "usilie wewe ni mwanaume", ilikujenga au ilikubomoa? Niandikieni hapo chini, nasoma zote. Matusi nafuta.