Ikoni Si Mwalimu wa Maadili

Kuna swali ambalo mwanamuziki wa kike hapa kwetu halikwepi akikaribishwa redioni: wasichana wadogo wanajifunza nini kwako? Msanii wa kiume akiketi kiti hichohicho anaulizwa albamu inatoka lini. Huyu wa kike lazima kwanza aeleze nguo yake, baba ya mtoto wake, na kama bado anaenda kanisani. Muziki utaguswa zikibaki dakika mbili kabla ya matangazo.

Kisha tunashangaa ati mbona hatuna maikoni wa kike. Tutawatoa wapi, kama kila mmoja tunamfanyia mahojiano ya kazi ya umatroni?

Chukua Brenda Fassie, msichana wa Langa, Cape Town. Mwaka 1983 alitoka na "Weekend Special", na hakuwahi kunyamaza tena. Aliimba kuhusu Mandela wimbo ukapigwa marufuku. Alipenda wanawake na hakuficha. Dawa za kulevya zilimla, na mwaka 1995 alikutwa hotelini na mpenzi wake akiwa amekufa. Kwa kipimo chetu, hapo hadithi imeisha, mfungie mlango. Lakini mwaka 1997 akarudi na albamu ya *Memeza*, na ndani yake mna "Vulindlela", wimbo wa mama anayeshangilia mwanawe kuoa.

Sasa nenda harusi yoyote, iwe Kitengela, iwe Kakamega. Pilau imeliwa, MC amemaliza utani wake wa zamani, DJ anaubonyeza huo wimbo. Mzee wa kanisa anainuka. Mama ya bwana harusi anafunga leso kiunoni. (Akina shangazi walikuwa wameshafika uwanjani kabla ya besi kuingia.) Karibu wote hapo hawajui lugha ya wimbo huo hata neno moja, na wengi wao hawangemruhusu Brenda avuke kizingiti chao. Ila bila yeye ile sherehe haijakolea. Amefariki tangu 2004 na bado anatuozea watoto.

Huyo ndiye ikoni. Wimbo wake unafanya kazi ambayo hatujapata kitu kingine cha kuifanya. Wafuasi milioni mbili wa mtandaoni hawakupi hiyo. Tabia njema pia haikupi.

Najua kuna mtu atasema hayo ni ya Afrika Kusini, sisi tuna mila zetu. Sawa, twende Unguja. Bi Kidude alivuta sigara hadharani, akanywa, akapiga ngoma iliyomzidi kimo, na mwaka 2005 akatuzwa na WOMEX akiwa bibi kizee ambaye umri wake hakuna aliyeujua kwa hakika. Na huyohuyo ndiye aliyekuwa akiwafunda wari katika unyago. Wazazi waliwapeleka mabinti kwake! Kumbe mila zenyewe zina nafasi kuliko hawa watetezi wake wa Twitter.

Wanaume tunawasamehe bila hata kuombwa. Franco alifungwa mwaka 1978 kwa nyimbo zilizoitwa chafu, na kila Jumapili mabaa ya Nairobi yanampigia rumba yake kwa heshima zote. Hakuna anayeuliza wavulana wadogo watajifunza nini. Si anaimba tu, wanasema. Anajua gitaa.

Basi naye dada anajua kuimba. Wewe mtangazaji, safari ijayo ukiletewa msanii wa kike, achana na sketi yake. Muulize ile korasi ilimjia vipi, nani alipiga besi, na mirabaha ya huo wimbo mnaoucheza asubuhi hadi jioni imemfikia au bado.