Divai ya Ngome ya Papa

Juma hili tutaizungumzia divai nyekundu ambayo nguvu zake hazitokani na aina moja ya zabibu, bali na mchanganyiko wa aina nyingi, na ambayo jina lake limelindwa kama mali ya ukoo. Nayo ni ile iitwayo Châteauneuf-du-Pape, itokayo kusini mwa Ufaransa katika bonde la mto Rhône, baina ya miji ya Avignon na Orange.

Maana ya jina hilo ni ngome mpya ya Papa. Tangu mwaka 1309 hadi 1377 Mapapa walikaa Avignon badala ya Roma, na Papa Yohane wa 22 ndiye aliyejenga ngome juu ya kilima cha kijiji hicho. Leo umebaki ukuta tu wa mnara, kwani majeshi ya Ujerumani yaliulipua yalipokuwa yakirudi nyuma mwezi wa Agosti 1944.

Mgeni aingiapo katika mengi ya mashamba hayo hustaajabu, kwa maana haoni udongo. Huona mawe ya mviringo yaliyolala kila mahali, ambayo mto uliyaleta zamani sana kutoka milima ya Alps, ukiyasugua njiani. Mchana mawe hayo hunyonya joto la jua, na usiku huyapasha mashina ya mizabibu, mfano wa mafiga ambayo chungu kimekwisha kuepuliwa. Kutoka kaskazini huvuma upepo mkavu uitwao mistral. Upepo huo waweza kuvunja matawi, lakini hukausha majani na kuyaepusha na ukungu.

Sheria inaruhusu aina 13 za zabibu, au 18 ukizihesabu na rangi zake. Iliyo kuu ni grenache, ivumiliayo ukame na iletayo utamu na wingi wa kileo. Syrah huongeza rangi na harufu ya pilipili manga. Mourvèdre, ichelewayo kuiva, huipa divai uimara wa kukaa miaka mingi. Nyingine hutiwa kidogo kidogo, na kila mpishi wa pilau anajua jinsi chembe chache za iliki zinavyoweza kubadili sufuria nzima.

Lakini sifa huvuta wezi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wafanyabiashara waliinunua divai hii kwa mapipa ili kuzitia nguvu divai dhaifu za mahali pengine, na wengine wakauza divai hafifu kwa jina la kijiji. Mkulima aliyetoka jasho akawa hana chake. Mnamo 1923 wakulima waliungana chini ya Pierre Le Roy, mwanasheria aliyekuwa rubani wa ndege za kivita katika Vita Kuu ya Kwanza, wakajitungia masharti: shamba liwe katika ardhi kavu iwezayo kuotesha mimea ya thyme na lavender, zabibu mbovu zitupwe, kileo kisipungue asilimia 12.5. Sharti la mimea hiyo latupendeza hasa, maana mtu aweza kughushi karatasi, lakini hawezi kuidanganya ardhi. Mwaka 1936 serikali iliyathibitisha mambo hayo kwa sheria. Hata sasa zabibu huchumwa kwa mkono, na kwa kawaida hekta moja haitakiwi kutoa zaidi ya lita 3,500.

Wivu huo wa kulinda mashamba ulifika mbali. Mwaka 1954, dunia ilipojaa habari za visahani virukavyo, meya wa kijiji alipiga marufuku visahani hivyo kutua huko, na kitakachokaidi kikamatwe! Mwaka 2016 meya mwingine alikataa kuifuta amri hiyo.

Kwa wenye kuitumia mezani, divai hii hufaa nyama ya ng'ombe au ya mbuzi iliyopikwa taratibu, wala si samaki. Ifunguliwe saa moja kabla ya chakula. Tena isinywewe kwa bilauri ya bia: kileo chake mara nyingi hufika asilimia 14 au zaidi, hivyo chupa moja ya mililita 750 ina kileo cha chupa nne za bia za nusu lita, bia yenyewe ikiwa ya asilimia 5. Ikibaki, mama wa nyumbani aitie katika sufuria ya nyama ngumu pamoja na vitunguu, aifunike, na kuiacha juu ya moto mdogo hadi ilainike.