Shahidi wa Kwanza ni Mwenye Kuliendesha



Ndugu wasomaji, juma hili sitazungumzia ndoa wala mirathi. Nitazungumzia gari, na nitaanza kwa kukiri kosa langu.

Nyumbani kwetu tuna Toyota Corolla la mwaka 1996, ambalo mama watoto hulitumia kuwapeleka watoto chuoni na kwenda sokoni Kongowea. Mvua za masika zilipoanza, alinieleza kwamba gari linasita. Akikanyaga mafuta, hushtuka na kujivuta kabla ya kwenda. Akisimama kwenye mataa, mara nyingine huzima. Nikamjibu kwa wepesi kwamba gari ni kuukuu, na kuukuu halikosi kikohozi. Aliponieleza mara ya pili, nikalipeleka kwa fundi mmoja. Fundi yule hakuuliza lolote. Aliisikiliza injini kidogo, akasema pampu ya mafuta imekufa. Tukanunua pampu.

Siku tatu gari likatulia, kwa sababu siku hizo hakukunyesha; hilo nililifahamu baadaye. Siku ya nne, karibu na magharibi, mvua ikimwagika, likazima katikati ya daraja la Nyali, watoto wakiwa kiti cha nyuma na lori likipiga honi mgongoni mwao. Mwenyezi Mungu aliwasitiri, nami nikabaki na aibu yangu.

Fundi wa pili, mtu mzima, hakuniuliza mimi. Alimgeukia mama watoto: "Mama, hebu nieleze. Huzima likiwa baridi au likishapata moto? Ukiwa umesimama au ukikanyaga mafuta? Siku za jua au za mvua?" Akamjibu bila kusita kwamba ni asubuhi zenye unyevu, siku za mvua, na kila apitapo kwenye dimbwi, jua likiwaka, gari halimsumbui. Fundi akafungua kifuniko cha distributa, chombo kinachogawa umeme kwa plagi. Kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Unyevu ukiingia, cheche hupita kwenye ufa badala ya kufika kwenye plagi. Kifuniko kipya na waya za plagi havikufikia nusu ya bei ya pampu.

Jawabu lilikuwamo nyumbani mwangu tangu siku ya kwanza, nilikosa kuliuliza.

Mbele ya kadhi, mwenye kudai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Fundi asemaye kwamba kifaa fulani kimekufa ni mdai, na ni haki yako kumwambia kwa adabu, "Nionyeshe." Pampu ina kipimo cha msukumo wa mafuta, na cheche za plagi hupimwa vilevile. Dhana si kipimo. Na kabla ya vipimo hivyo yuko shahidi wa kwanza, naye ni yule anayeshika usukani kila siku.

Basi dada zangu, gari likianza kusita, andikeni mambo matatu: hali ya injini, hali ya hewa, na mlilokuwa mkilifanya wakati huo. Kila jawabu huelekeza mahali pake.

Likisumbua siku za mvua na unyevu, tazameni kwanza upande wa umeme: waya za plagi, kifuniko cha distributa, koili. Magari ya karibuni hayana distributa, kwani kila plagi ina koili yake, lakini koili nazo hupata nyufa.

Likiwa zuri asubuhi, kisha likazima baada ya mwendo mrefu juani, na likakubali kuwaka tena baada ya kupoa, shukuni koili, kihisio cha mzunguko wa injini, au pampu iliyochoka. Vitu hivi hushindwa vikipata joto.

Likizima ukiwa umesimama tu, lakini likienda vizuri barabarani, huenda kilango cha hewa kinachoingia kwenye injini kimejaa masizi, au mpira wa hewa umepasuka. Mpira uliopasuka mara nyingi hutoa mlio wa kufyonza, nao hubadilishwa kwa fedha kidogo. Dalili ikizidi unapowasha kiyoyozi, mwambie fundi hilo pia.

Likikosa nguvu mlimani au unapotaka kupita gari jingine, anzeni na filta ya mafuta na filta ya hewa, kisha ndipo pampu. Na kama dalili zilianza mara tu baada ya kujaza mafuta mahali fulani, msilifiche, kwani petroli iliyochanganyika na maji au uchafu huleta kusita huku huku.

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, kompyuta ya fundi itasoma alama yake. Alama hiyo huonyesha upande wa kutafuta. Si hukumu ya kununua kifaa.

Yako pia mambo mawili ya kuzuia. La kwanza, hewa yetu ya pwani ina chumvi, nayo hula vichwa vya betri na waya unaofungwa kwenye bodi ya gari. Mkiona unga mweupe au wa kijani, fundi avisafishe na kuvikaza. La pili, tuache mazoea ya kuendesha taa ya mafuta ikiwa imewaka. Katika magari mengi ya petroli pampu imo ndani ya tangi, na petroli ndiyo inayoipoza. Robo ya tangi iwe ndiyo mwisho wenu.

Likikuzimikia barabarani, usitaharuki na usichomoe ufunguo, kwani usukani unaweza kujifunga. Usukani utakuwa mzito, lakini unageuka. Ushike kwa mikono miwili. Breki hubaki na nguvu ya kukanyagwa mara chache tu, kwa hiyo usizipige pige. Kanyaga mara moja kwa uthabiti. Washa taa za dharura na uliache gari liteleze hadi ukingo wa kushoto. Kama gari ni la otomatiki, tia gia kwenye N kisha ujaribu kuliwasha; kama ni la gia za mkono, kanyaga klachi. Likikataa, weka pembetatu za tahadhari, na watoto watoke kwa mlango wa upande usio na magari, wasimame mbali na barabara.

Nawageukia sasa waume wenzangu. Mke anapokwambia kwamba gari lina kasoro, amekuletea habari ya amana mbili: mali yako na watoto wako. Kumpuuza kwa sababu hajui majina ya vyuma ni kudhulumu nafsi yako kabla ya kumdhulumu yeye. Mwachie aseme na fundi mwenyewe, nawe uwe pembeni.

Na ukichoka na gari hilo ukataka kuliuza, usisubiri siku ya jua ndipo umwite mnunuzi. Sheria yetu inamtaka muuzaji aeleze kasoro anayoijua, na inampa mnunuzi haki ya kurudisha kitu akigundua aibu iliyofichwa. Fedha utakayoipata kwa kunyamaza haina baraka; na huenda anayelinunua ni baba mwingine, naye atawapakia watoto wake kiti cha nyuma, na mvua ikamkuta darajani.

Mwenyezi Mungu azilinde safari zetu na atujaalie masikio ya kuwasikia walio karibu nasi. Amin.