Maoni Yetu: Anayemchukua mchezaji amlipe aliyemlea

Vyuo vidogo vya Marekani bado vina uwezo wa kuwafunga wakubwa katika mpira wa kikapu. Kinachovishinda siku hizi ni kubaki na timu yao baada ya ushindi. Tatizo hilo linatibika, na dawa iko mikononi mwa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo.

Machi 2022, katika mashindano ya NCAA ya kumtafuta bingwa, Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City kilichopangwa nafasi ya 15 katika kundi lake, kiliitoa Kentucky, mmoja wa wakubwa hao, kwa pointi 85 kwa 79 katika muda wa nyongeza. Kikaitoa Murray State, kisha Purdue, na kuwa chuo cha kwanza cha nafasi hiyo kufika robo fainali. Siku chache baadaye kocha Shaheen Holloway alikwenda Seton Hall, na wachezaji wake tegemeo wakatawanyika.

Tazama pia nusu fainali ya mashindano hayo, Aprili 2025 mjini San Antonio. Florida iliifunga Auburn 79 kwa 73, Walter Clayton Jr. akipachika pointi 34. Nyota wa Auburn alikuwa Johni Broome. Wote wawili walilelewa katika vyuo vidogo: Clayton misimu miwili Iona, Broome misimu miwili Morehead State. Mchumia juani hulia kivulini, lakini hapa juani wamechuma waliolea, kivulini wanakula wengine.

Mambo yalibadilika mwaka 2021, wachezaji waliporuhusiwa kujipatia fedha kwa majina na sura zao, na kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima. Mwaka 2024 kikomo cha kuhama kikaondolewa. Tangu Julai 2025 chuo kinaweza kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Chuo kidogo kitazitoa wapi? Katika mashindano ya 2025, timu zote 16 zilizofika raundi ya tatu zilitoka katika ligi nne kubwa.

Hatusemi mchezaji afungwe kamba. Kwa miaka mingi amejaza viwanja huku wengine wakigawana fedha za televisheni. Malipo na uhuru wa kuhama ni haki yake. Tunachodai ni haki ya aliyemfundisha. Katika soka, FIFA inaagiza asilimia 5 ya ada ya uhamisho igawiwe klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Klabu ndogo hupata cha kuanzia upya, na mchezaji huenda anakotaka.

NCAA ifuate njia hiyo. Chuo kinachomchukua mchezaji kilipe sehemu kwa chuo kilichomlea, bila kukata chochote katika malipo yake. Kanuni hiyo iandikwe kabla dirisha lijalo la uhamisho halijafunguliwa.