Mayai ya Bata Chini ya Kuku

Huku Masereka, katika milima ya Lubero, usiku una baridi. Yai likipoa kwa muda mrefu, uhai uliomo hufa. Basi shikeni hesabu: yai la kuku huanguliwa kwa siku 21, la bata wa kawaida kwa siku 28, na la bata mwenye nyama nyekundu usoni kwa siku 35 hivi. Mkiyaatamisha pamoja siku moja, vifaranga wa kuku watatangulia, mama atawafuata, na watoto wa bata watafia ndani ya maganda. Kwa hiyo tangulizeni mayai ya bata. Baada ya siku 7, au 14 kwa hao wenye uso mwekundu, ongezeni ya kuku. Wote watatoka pamoja.