Maji ya Ng'ambo Si Sadaka



Kila mfereji unapofunguliwa katika mtaa wa Ng'ambo huletwa viti, hutundikwa maturubali, na wakubwa hupigiwa makofi kana kwamba maji yale yametoka mifukoni mwao. Sisi twauliza: shukrani hiyo ni ya nini?

Sayyid Barghash alipokalia kiti mwaka 1870, Unguja ilikuwa imeteketezwa na kipindupindu kilichoanza mwaka 1869. Daktari James Christie, aliyekuwako, alikiandikia kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1876. Sultani yule akayavuta maji kutoka Chemchem, kaskazini ya mji, mpaka mjini, akajenga na hamamu ya umma pale Hamamni. Alikuwa mfalme; alitoa alipopenda, wala hakuchaguliwa na mtu. Hawa wa leo husema wametokana na kura, na tangu sheria ya mwaka 2006 maji yana mamlaka yake na ada yake. Mwenye kulipa ada hapewi sadaka. Lakini wakubwa wetu wamerithi makofi ya Sultani, kazi yake hawakuirithi.

Na maji yenyewe ni nusu ya jambo. Mji wetu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, nao una nyufa. Choo cha shimo kikiwa nyuma ya nyumba, na kisima kikawa uani kwa jirani, uchafu hauhitaji kubisha hodi. Bomba bovu nalo, likikaa saa nyingi bila ya maji, hunyonya uchafu ulioko nje yake. Mfereji ukifunguliwa alfajiri, mama huyateka maji hayo akamnywesha mwanawe. Ndiyo sababu hatukubali kuambiwa kuwa maji ya zamu ni udhia mdogo. Mwaka 1978 kipindupindu kilirudi Visiwani. Mwaka 2015 kiliingia tena, kikaendelea mpaka 2016, kikaua makumi ya watu. Kikija, wa kwanza kufungiwa biashara ni muuza juisi na muuza urojo. Mtaro uliofurika haufungiwi na mtu!

Hamamu ile iliacha kazi yapata mwaka 1920. Wageni sasa hulipa kiingilio wakatazame birika kavu. Hamali aliyetota jasho hatafuti historia, anatafuta ndoo ya maji ya kuogea.

Tunataka zamu za maji zibandikwe mtaa kwa mtaa, na mwenye kuzivunja ajibu. Gari la kunyonya vyoo liwe na bei anayoimudu mnyonge, kwani likimshinda, masika ndiyo yatakayomtapishia shimo lake mlangoni. Na kila penye soko pawe na bafu na choo chenye maji, cha wanawake mbali na cha wanaume.

Kila tawi na liandike katika daftari, kwa siku 30, saa ambazo mfereji wa mtaa wake ulitoa maji na saa ulizokauka. Madaftari hayo tutayachukua sisi wenyewe na kuyasoma mbele ya wakubwa, siku watakapokuja tena na viti vyao.